Neno "Wauaji"

Bariadi, Jumapili jioni

Nimejiudhi mwenyewe. Wiki nzima baba amegoma kurudi Mwanza kwa dripu ya pili ya saratani ya damu, na kosa ni langu. Nilimtafsiria maneno ya daktari vibaya, kwamba dawa inaita "seli wauaji". Mzee akashika hilo neno moja tu. "Niwakaribishe wauaji mwilini mwangu?"

Leo baada ya kanisa, tukichambua pamba, safi huku na fifi, ile chafu, kule, nikaanza upya. Nikamwambia hao wauaji hawatoki nje, amezaliwa nao, wanazunguka kwenye damu wakilinda. Shida ni kwamba mwizi, yaani saratani, amefanana na wenyeji. Dawa inamng'ang'ania mwizi, ndipo wanamwona na kummaliza.

Akaacha pamba. "Kumbe dawa inapiga mwano!"

Mwano! Yowe letu la ng'ombe kuibiwa, ambalo likisikika kila mwanamume anatoka na fimbo. Kwa nini sikuliwaza mimi?

"Lakini hao walinzi, hao sungusungu wangu, si wazee kama mimi? Wataweza kukimbia?"

Daktari mwenyewe hakuahidi kitu, na bado naogopa.

Jioni hii nimemkuta anapiga pasi koti lake la safari. Akasema bila kugeuka, "Mayu, mwanangu, unakumbuka dripu ya kwanza nilivyotetemeka, mpaka nikafunikwa mablanketi matatu?"

"Nakumbuka, baba."

"Basi ndio walikuwa wanakuja mbio."