Mkwe wangu na wageni wake

Shoga, kumbe mke wa mwanangu ndiye aliyewakataza wenzangu wa karata wasinipitie! Eti michezo inanichosha akili.

Leo kawaleta wafanyakazi wenzake na bosi wao sebuleni, mimi nimekaa palepale. "Ongeeni tu, mama hakumbuki kitu."

Hakumbuki kitu! Mimi! Na simu zake zote za umbea anazipigia mbele yangu!

Nikamgeukia mwenye miwani: "Wewe ndiye anayekusema unanuka mdomo." Bosi wake nikamwambia: "Na wewe eti hujui kazi, anakufanyia yeye."

Shoga! Mkwe kakimbilia jikoni analia. Sikumwonea huruma hata chembe.

Bosi akavuta kiti. "Mama, alisema nini kingine?"

"Kaa vizuri, mwanangu," nikamwambia, nikaanzia Januari.