Kwa Mavyaa, Uliyenishikia Mtoto Nikasome Utabibu

Mpendwa mavyaa wangu,

Nimekaa kwenye kibaraza chako hapa Mambrui, miguu nimeitia kwenye beseni la maji ya chumvi. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Salim, mwanao, amepeleka mzigo Mariakani kwa lori. Mjukuu wako Swabra amelala ndani, kajitupa mkekani kama alivyozoea kulala na wewe. Nimechoka, mama. Nimechoka hata chai niliyojipikia imepoa sijaigusa. Nikakukumbuka, nikaona heri niseme nawe kidogo.

Unaikumbuka siku ile nilipokuja na habari za chuo? Nilikuwa tabibu tayari, nina miaka kadhaa kwenye zahanati kule juu ya Marafa. Homa nilizitibu, vidonda nilivishona, wajawazito niliwapima. Walionishinda ni watoto wachanga. Wakiletwa wanahema, mbavu zinaingia ndani, niliwapa nilichokuwa nacho kisha nawatia garini kwenda Malindi, halafu nabaki kusubiri habari. Mara nyingine habari zenyewe hazikuwa za kuzisubiri. Ndipo nikaomba nafasi ya masomo ya juu ya utabibu wa watoto huko Kilifi, nikapata. Swabra alikuwa bado ananyonya.

Salim akasema, "Cheti unacho, kazi unayo. Mtoto bado yuko ziwani. Masomo ya nini tena?"

Wewe ulikuwa unachagua mchele. Hukuinua hata macho. "Mtoto ana bibi," ukamwambia. "Na mimi huko Kilifi sijapata kukaa. Nitakwenda nikapaone."

Maneno yakaishia hapo. Tukapanga chumba Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, wewe, mimi na Swabra, na Salim akawa anatupitia safari zake zikimleta njia ile.

Nilidhani kusoma ukubwani ni kusoma tu. Kumbe ni kusimamishwa mbele ya kitanda cha mtoto wa watu na kuulizwa mpaka jasho likutoke. Mwalimu wetu wa wodini, Bi Kadzo, hakuwa na mzaha. Ukimtajia ugonjwa anakukata: "Sijakuuliza anaumwa nini. Niambie kwanza umeona nini." Basi uanze upya: mtoto amelegea, pua zinapanuka, midomo imepauka. Wenzangu wengi walikuwa vijana, vichwa vyao vyepesi. Mimi nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja mara tatu, na usingizi unanivuta ushungi.

Na wewe ulikuwa nje, kwenye benchi la wodi ya watoto, Swabra mapajani. Nikipata nafasi kati ya raundi na darasa natoka mbio, nafungua koti jeupe, mtoto ananyonya, kitabu kiko gotini. Wewe hapo hapo unanitia kipande cha mahamri mdomoni kama kwamba mtoto ni mimi. "Tafuna," unasema. "Mwenye njaa hamponyi mtu."

Wenzangu wakipita wanakuamkia, "Shikamoo, bibi." Nawe, "Marahaba. Haya, leo yupi karudi kwao mzima?" Wakaanza kukuletea habari. Alikuwako yule mama mdogo wa Ganze, aliyetaka kumtorosha mwanawe kabla dawa haijamalizika kwa sababu nyumbani ameacha wengine. Sisi tulimweleza kwa maneno ya kitabu, hakusikia. Wewe ulimkalisha ubavuni, ukamuuliza majina ya hao wengine, nani mkubwa, nani anampikia mwenziwe. Ukamsikiliza hadi mwisho. Akakaa. Mtoto yule aliondoka akicheka.

Halafu ikaja miguu yako. Nilianza kuona viatu vinakubana, kisha ukawa hulali ila kwa kuegemea mito, na ngazi za hospitali ukizipanda unasimama katikati ukijifanya unamwonyesha Swabra ndege. Siku moja nikakwambia, mama, moyo wako haufanyi kazi vizuri. Ukasema, "Aka! Wewe si wa watoto? Niachie uzee wangu." Lakini nilikushika mkono nikakupeleka, na daktari akasema nilichokuwa nakiogopa. Ukakubali dawa. Kurudi Mambrui ukakataa katakata.

Mwishoni ukalazwa wodi ya wanawake, wiki ile ile ya mitihani yetu ya vitendo. Salim alipiga simu kutoka barabarani, sauti imemkauka. "Basi imetosha. Yaache hayo masomo, umrudishe mama nyumbani."

Sikumlaumu. Nami nilikuwa nimeshafika huko moyoni. Nikaja kitandani kwako kukuambia kwamba nakwenda kumuaga Bi Kadzo. Ulikuwa huwezi kusema maneno mengi kwa mara moja, lakini haya uliyasema.

"Keti."

Nikaketi.

"Ukiacha sasa, watasema umeacha kwa ajili yangu. Na mimi sitaki. Nimekuja hapa kwa miguu yangu."

"Mama, utanikosa."

"Nitakukosa saa ngapi, nawe uko jengo la pili? Nenda ukafanye mtihani wako. Ukitoka, njoo unieleze."

Nikaenda. Nilipewa mtoto wa kiume, mwembamba, tumbo limejaa, anapumua kwa taabu. Nikaweka stetoskopu kifuani mwake. Mama, nilisikia kile kile. Mbio zile zile za moyo uliochoka, na kule chini ya mapafu ule mchakacho wa maji, kama nilivyosikia kifuani kwako asubuhi ile. Jibu nililijua. Watahini wawili walikuwa wamesimama wanangoja, mmoja akaniuliza, "Haya, tabibu, umeona nini?" Nikafungua mdomo nijibu. Nikalia pale mbele ya mtoto na mamake. Wakaniambia nitoke nikapate hewa, na mtihani wangu ukawa umekwisha hivyo.

Nilikuja nikakueleza kama ulivyotaka. Ukaniuliza, "Mtoto yule wamempa dawa?"

"Wamempa."

"Basi mtihani utarudiwa," ukasema, ukafumba macho. Hukunipa pole. Nilikaa nawe mpaka adhuhuri nikikupepea, na ilikuwa raha ya ajabu kukaa tu bila mtu kuniuliza kitu.

Hukufika mtihani wa pili. Uliaga siku ya Ijumaa asubuhi, Salim amekushika mkono huu, mimi huu, na tukakuleta Mambrui ukazikwa kabla ya jua kuchwa. Baada ya hitima sikutaka kusikia habari za Kilifi. Nguo zetu zilibaki kule chumbani Mnarani, sikuzifuata. Bi Kadzo alinipigia, sikupokea. Ni Salim, mama, yule yule, aliyekuja siku moja akaniwekea koti langu jeupe mbele yangu. Alikuwa amekwenda kulichukua, akalifua na kulipiga pasi yeye mwenyewe, kola imepinda. Akasema, "Swabra atakwenda na mimi kwa dada yangu kule Bofa. Nimeshasema naye. Wewe kamalize."

Nikamaliza. Safari ile nilipewa mtoto mwenye nimonia, nikaeleza nilichoona kwa utaratibu, nikajibu walichoniuliza. Hakuna cha kusimulia. Majibu yalipotoka nilimpigia Salim. Akasema "Alhamdulillahi" tu, akakata. Nikaona uchungu kidogo, nikadhani yuko kwenye gari. Jioni niliporudi hapa, jirani akaniambia amemwona mume wangu makaburini mchana, kachuchumaa pale ulipo, anazungumza peke yake. Nilipomuuliza akasema, "Nilikwenda kumpa habari kabla hajazisikia kwa watu wengine."

Sasa nafanya kazi Malindi, wodi ya watoto. Nisikufiche: si vile nilivyofikiria. Tunaletewa watoto wengi kuliko mikono tuliyo nayo. Mara dawa zipo, mara tunawatuma wazazi wakanunue nje. Nina wanafunzi wanaonifuata raundi, na ninajisikia ninavyowakatiza maneno, ninavyowauliza mpaka wanatahayari. Kuna siku narudi nyumbani nikimtazama Swabra natamani asiniombe chochote, hata hadithi, kisha naona haya. Kuna siku nafikiri Salim alikuwa na haki ya kuuliza masomo ya nini. Hao wanaosema elimu ya juu inamwinua mtu, sijui wanazungumzia mgongo wa nani.

Na bado sijajuta. Nalitafuta neno la kukueleza jambo hilo, silipati. Ninachojua ni kwamba wale wanaokuja wanahema, zamani nikiwatia garini, leo gari linaishia kwangu. Si wote ninaowaweza. Jumatatu alitushinda mmoja, wa Gongoni, nikakaa na bibi yake mpaka watu wao walipofika.

Lakini yuko mwingine, mtoto wa kike, amelazwa karibu na dirisha. Tangu jana anapumua mwenyewe bila hewa ya mtungi. Mamake ameniuliza watarudi nyumbani lini. Nilimwambia asubiri nimwangalie tena. Kesho naingia zamu ya asubuhi, na nadhani nitamwambia afunge mizigo yake.

Maji yamepoa, na Swabra ananiita. Mola akurehemu na akupe raha huko uliko, mama. Pumzika, nami niache niinuke.

Mkazamwanao