Shimo la Nafaka la Soga

Mama Zuhura,

Mimi mzima hapa Soga, na mihogo ya huku mitamu, ila tangu jana sijaigusa.

Kabla nyumba za wafanyakazi hazijajengwa, Bwana Mzungu tunayemfanyia kazi anataka kujua watu wa kale waliacha nini ardhini. Basi tunakwangua udongo polepole kwa mwiko wa mwashi, tunaokota vigae na shanga. Jana mwiko wangu ulizama kwenye udongo laini, ubavuni mwa shimo, upande wa kibla. Nikauchomoa upesi. Nimechimba makaburi mangapi kwetu Marui? Mwanandani, pale anapolazwa maiti, naujua hata nikifumba macho.

Bwana akainama, akaniuliza, "Hapa waliweka nafaka?"

Nikaogopa. Nikisema ni kaburi, kazi itasimama, na chumba tulichoahidiwa katika nyumba hizo kitapotea. Nikamjibu, "Ndiyo, bwana, nafaka." Akaandika kwenye daftari lake.

Leo asubuhi amekuja na kikapu, ameniagiza niingize mkono nitoe mtama uliobaki. Nimesingizia tumbo, nikakimbilia hapa stesheni kukuandikia.

Mpakate Zuhura kwa niaba yangu, na wewe ulale salama. Ile mizigo uliyoanza kuifunga, ifungue. Vigingi vya vyumba vimeshapigwa, mke wangu, na chetu ndicho kile chenye shimo.

Mumeo, Baba Zuhura