Ile Sita Niliyoiandika kwa Mkono

Doha

Dada Mwikali mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Baba limetulia tangu baridi ipungue huko Machakos. Shemeji amesharudi kutoka Voi? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku bado linatufungia ndani, lakini silo linaloninyima raha. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenituliza kabla sijamaliza, nami sistahili.

Unajua kazi yetu ni tovuti ya kliniki moja ya Lusail. Mgonjwa wa upasuaji hufungua ukurasa akasoma akae saa ngapi bila kula. Idadi hiyo tunaiandika mahali pamoja tu, ndani ya faili la Java, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kama thamani ya kudumu, na kila kiolezo, yaani umbo ambalo ukurasa hujengwa juu yake, kinatakiwa kuisoma kutoka hapo. Ikibadilishwa pale, kurasa zote zinafuata.

Miezi michache iliyopita nilikuwa natengeneza kiolezo cha ukurasa wa maelekezo. Niliita ile thamani kwa jina lake, ukurasa ukagoma. Kumbe ilipasa nitaje jina kamili la faili la Java ilimo. Sikulijua hilo, na msimamizi alikuwa anaungoja ukurasa. Nikaandika 6 kwa mkono ndani ya kiolezo chenyewe, nikijiambia nitarudi kurekebisha. Sikurudi.

Mwezi uliopita madaktari wakataka saa ziwe nane. Mwenzangu Nakato, yule dada wa Uganda ninayesali naye, akabadilisha kwenye Java vizuri kabisa. Siku chache baadaye Mkenya mmoja, mlinzi anayeishi Al Wukair, alikuja kupasuliwa mkono. Alikuwa ameufuata ukurasa wangu, uliokuwa bado unasema saa sita. Akarudishwa bila kutibiwa, na ruhusa ya siku ile alikuwa ameiomba kwa mkubwa wake mara nyingi.

Kwenye kikao, msimamizi alimuuliza Nakato mbele yetu sote alikuwa amebadilisha nini. Nilijua jibu kabla hajamaliza swali. Nikainamia kompyuta yangu.

Siku tatu, dada. Nakato alipekua faili za Java mstari kwa mstari. Siku ya tatu alivuta kiti karibu nami akasema, "Kioko, niangalizie. Labda macho yangu yamechoka." Nikaangalia naye. Nilijua kosa haliko pale, nikamwacha aendelee kutafuta. Ijumaa, siku tunayosali huku, aliomba kanisani tumwombee asipoteze kazi, nami nikaitikia amina pamoja na wengine.

Jumapili asubuhi, ambayo huku ni siku ya kazi, kabla watu hawajajaa ofisini, nikafungua kiolezo nikamwonyesha ile sita. Akaisoma. Kisha akaniuliza, "Siku ile tulipokaa hapa, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo. Akachukua laptopu yake akaenda kukaa meza nyingine.

Nilikwenda kwa msimamizi peke yangu. Nimepewa barua ya onyo, na Nakato ameombwa radhi mbele ya wote. Yule mlinzi alipangiwa siku nyingine na mkono wake umeshatibiwa. Nilimwandikia kupitia watu wa mapokezi kumwomba msamaha, hajajibu. Ukurasa wenyewe niliurekebisha kwa dakika chache tu, na hilo ndilo linaloniuma. Nimepitia violezo vyangu vyote, nikakuta namba nyingine mbili nilizoziandika vivyo hivyo, nikazitaja bila kuulizwa. Nakato hunisalimia, basi.

Nisalimie shemeji, shangazi Kalunde wa kwaya, na yule mwalimu jirani anayewaambia wanafunzi wake wasome wawe kama mimi. Najua Baba hukuomba umsomee barua zangu, nawe huruka yale ya kumhuzunisha. Hii msomee yote, hata pale nilipokaa kando ya Nakato nikimtazama akitafuta.

Ni mimi mdogo wako, nikiwa na haya,
Kioko