Mume Wangu Anasema Nyumbani Kwetu Hatuli Hela za Ulemavu

Bi Opal mpendwa, nasoma majibu yako gazetini kila wiki na leo naomba msaada wako, na majina nimeyabadilisha ingawa huku milimani Kentucky mtu akipiga chafya kila mtu anajua ni nani.

Mimi ni msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, huu mwaka wa tatu, kazi yetu ni kuwanyanyua, kuwaogesha, kuwageuza kitandani, na nina mimba ya miezi minane ya mtoto wetu wa kwanza. Mwaka jana kabla sijashika mimba, dada mmoja wa ofisini alituambia kazini hapa hakuna likizo ya uzazi ya kulipwa, anayetaka kulipwa akijifungua ajiunge na bima ya ulemavu wa muda mfupi, basi mimi nikajiunga, wakawa wananikata kidogo kidogo kwenye mshahara, na mume wangu Clint sikumwambia kwa sababu naijua familia yake, neno ulemavu kwao ni tusi.

Sasa wiki iliyopita watu wa bima wakapiga simu nyumbani, akapokea yeye, akaja jikoni ananiuliza, "We Shawna, umekuwa kiwete lini?" Nikamweleza, akasema nyumbani kwetu hatuli hela za ulemavu, kisha Jumapili mezani akamwambia baba yake. Mzee Virgil aliacha hata mkate wake wa mahindi. Akasema, "Kuna jirani hapo chini anakula cheki ya ulemavu ya serikali mwaka wa kumi huu, eti mgongo, lakini msimu wa kuwinda ukifika anabeba kulungu begani! Mkwe wangu naye anataka foleni hiyo hiyo?" Wote wakacheka, mashemeji wakaanza kuniuliza nitanunua lini kiti cha magurudumu, Bi Opal, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikasema basi, siichukui, nitarudi kazini wiki mbili baada ya kujifungua, siku zangu za ugonjwa za kulipwa zikiisha. Clint akanibusu kichwani akasema huyo ndiye mke wangu.

Baadaye tunaosha vyombo mama mkwe akaniambia, "Mimi nilirudi kiwandani Clint ana siku tisa. Maziwa yalikuwa yananidondokea kwenye cherehani." Alisema kama anajisifu, lakini ile sahani aliisugua sana na ilishatakata zamani.

Clint si mtu mbaya, ananipenda, ananikanda miguu kila siku. Lakini naogopa, Bi Opal, sijui nitamnyanyuaje mzee mzima na mwili wangu haujapona, na mtoto sijui nitamwachia nani. Nimeshaahidi mbele ya watu. Nifanyeje?

Mwenye Miezi Minane

*

Mwanangu, pole. Pole sana, na mashemeji zako hao ningewapata ningewafinya masikio mmoja mmoja.

Lakini na wewe nikugombeze kidogo. Umefanya jambo la akili kuliko wote waliokaa pale mezani, halafu umelificha kama umeiba! Ungemwambia Clint siku ile ile uliyojiunga, leo angekuwa ameshanuna na hasira zimemwisha.

Sasa sikiliza. Hiyo si hela ya kupewa. Umeilipia mwenyewe kwa jasho lako, mwezi baada ya mwezi. Mvua ya mawe ilipotoboa mapaa ya bonde hili zima mwaka juzi, hebu muulize mkweo kama alimrudishia wakala wa bima hela zake. Thubutu! Jina la bima limeandikwa na watu wa mjini wasiojua jinsi tunavyotukanana huku. Mwili uliozaa hauwezi kunyanyua wazee kwa wiki kadhaa, hiyo ndiyo maana yake tu, na hata daktari wako atakwambia hivyo.

Kwa hiyo Jumatatu uwapigie watu wa bima. Waulize wanalipa wiki ngapi. Kwa kawaida ni sita, na ukipasuliwa nane, na watakupa sehemu ya mshahara, si wote. Uliza pia unasubiri siku ngapi kabla hawajaanza kulipa, maana hapo ndipo siku zako za ugonjwa zitakapokufaa. Kisha nenda kwa yule dada wa ofisini umwambie unataka likizo ya kisheria ya kulindiwa kazi. Hiyo haina malipo, ila kama mwajiri wako ni mkubwa wa kutosha, hawezi kumpa mtu nafasi yako. Usiichanganye na bima. Bima inakulisha, haikulindii kazi. Fanya yote mawili kabla uchungu haujaanza.

Na mama mkwe wako hakuwa anajisifu, mwanangu. Miaka yote hiyo hakupata wa kumwambia. Kaa naye, umwombe amsimulie Clint vile alivyokusimulia wewe. Nadhani kijana hajawahi kusikia kwamba yeye ndiye aliyeachwa ana siku tisa.

Ile ahadi ya mezani ivunje. Uliitoa ukiwa umezomewa, haikufungi. Usimwombe Clint ruhusa, mpe taarifa, kwa upole, akiwa anakukanda hiyo miguu. Akikubali, mshukuru. Akitaka kugomba, mwambie ofisi yangu anaijua, iko mkabala na mahakama, aje agombe na mimi. Wewe usinyanyuke hata kumfungulia mlango akitoka. Una miezi minane.

Opal