Kando ya Meindert

Jumatatu, 6 Novemba
Mazoezi ya kwanza ya onyesho la kumkumbuka Meindert. Kiti chake kimeachwa wazi—kile cha mbele kabisa, cha kiongozi wa okestra, mpiga fidla wa kwanza. Mimi palepale pangu, kando. Karibu miaka ishirini nimemfungulia kurasa za nota huku yeye akiendelea kupiga. Ndiyo kazi ya anayekaa kando. Leo ukurasa ulipoisha niliufungua, nikageuka kumtazama. Kiti kitupu. Nikapotea mistari miwili. Kondakta wa muziki aliona, akaendelea kuongoza. Namshukuru.

Mjane wake, Hilleke, amepiga simu. Anataka mimi ndiye niseme maneno Jumamosi, ati hakuna aliyemjua kama mimi. Nimekubali. Nikalia kidogo, kisha nikapika supu ya njegere na kula sufuria nzima peke yangu.

Jumatano, 8 Novemba
Sijui hata niandikeje.

Tulikuwa mkahawani baada ya mazoezi. Corné, mpiga zumari ya oboe wetu na mwenyekiti wa kamati ya usaili tangu enzi na enzi, anahadithia vituko vya Meindert. Meza nzima inacheka. Hata mimi! Kisha akanigeukia, uso umejaa mapenzi.

"Gerdien, yule mtu alikupenda wewe. Unakumbuka ulivyoomba nafasi ya kiongozi wa pili? Pazia limefungwa, hatujui nani anapiga. Nota tatu tu, Meindert akatunong'oneza: huyo ni Gerdien wangu, mpigieni kura ya hapana. Akipanda huyo, mimi nitakaa na nani?"

Wakacheka tena. Pale mezani kila mtu alikuwa anaijua hadithi hiyo, isipokuwa mwenyewe.

Niliomba mara tatu. Nikamuuliza ilikuwa mara ipi. Akakuna shingo, akasema, kwa kweli, zote.

Kiongozi wa pili huongoza wiki ambazo wa kwanza hayupo. Ningepata, nisingekaa na Meindert tena. Kwa hilo tu! Na kila niliposhindwa alikuja kwangu kwa baiskeli, kaleta samaki wa heringi, akaketi jikoni kunifariji. "Pazia halina macho, Gerdien, siku moja watakusikia," alisema. Alikuwa amenisikia! Mnafiki mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako—nami nilimkatia kitunguu ale na samaki wake.

Ijumaa, 10 Novemba
Hilleke kaja na picha za marehemu tuchague. Nikamuuliza kama alijua. Akachovya biskuti kwenye kahawa mpaka ikamegeka. Akasema siku zile Meindert alikuwa akirudi kutoka kwangu anashindwa kula. Nimhurumie, basi? Yeye kakosa chakula cha jioni. Mimi nimekosa maisha yangu.

Jumamosi, 11 Novemba
Ukumbi ulijaa. Hotuba niliiacha mfukoni. Nilisema hakuna aliyeijua sauti ya fidla yangu kama Meindert, nikashuka. Watu walifuta machozi. Corné alitazama viatu vyake.

Baadaye kahawa na kipande kimoja kimoja cha keki, kama misiba yetu yote. Mzee mmoja akaniambia nilikuwa na bahati kukaa kando ya mtu yule. Nikasema ndiyo. Woga wangu!

Jumatano, 15 Novemba
Nimepewa kukaimu uongozi wa okestra mpaka mwisho wa msimu. Nimehamia kiti chake. Kando yangu wamemleta Jelske, mpiga fidla kutoka viti vya nyuma. Ananifungulia ukurasa kabla sijafikiri. Tunavuta pumzi pamoja. Nilimsimulia yote, naye hakucheka. Alisema, "Pole, dada." Ndilo jambo pekee zuri la mwezi huu.

Jumanne, 21 Novemba
Naandika chooni. Nimeomba dakika chache.

Leo usaili wa kiongozi wa pili. Kwa kuwa nakaimu, nimo kwenye kamati—mara ya kwanza niko upande huu wa pazia. Namba moja, ovyo. Mbili na tatu, wazuri kiasi. Namba nne akaanza, nami nikamjua hata kabla ya nota ya kwanza. Ile pumzi. Jelske.

Hakuniambia kama ameomba. Hata neno! Na jana tumekunywa kahawa pamoja, akinichekea.

Kapiga vizuri kuliko wote. Kura zimegawanyika sawasawa. Corné akasema, "Imebaki yako, Gerdien." Nikasema naenda msalani.

Akipita, nitakaa na mgeni. Namchukia Meindert leo kuliko siku zote, kwa sababu leo namwelewa. Na hapa hakuna wa kunicheka wala wa kujua kwamba nimemtambua. Akikosa, atakuja kwangu analia, nitamtengenezea chai.

Corné anagonga mlango. Anasema wananisubiri. Nimemjibu nanawa mikono.

Bomba sijalifungua.