Nywele Zilikatwa na Dawa, Si na Msiba

Mama Neema,

"Mkono uliomzika mama yake haugusi kichwa cha mtu mpaka matanga yaishe." Hayo ni maneno ya Nalongo, mwenyekiti wa ukumbi wetu wa saluni hapa Mengo, na kwa maneno hayo amemwondoa binti yako kwenye kiti ulichomwachia, akamnyang'anya na ufunguo wa ukumbi. Ni uongo. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Nakuandikia wewe kwa sababu hukupenda kupewa habari nusu.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika alikuja mteja wako mmoja, Mkenya mwenzangu, muuza viatu, akitaka nywele zikunjwe. Neema alimuuliza kama ana dawa ya kunyoosha kichwani. Akasema hana, mwaka mzima hajaigusa. Neema akampaka dawa ya kukunja. Wakati wa kuosha nywele zikabaki kwenye sinki, fungu baada ya fungu. Yule mama akalia, na Neema akalia kuliko yeye. Kabla ya jioni ukumbi mzima ulikuwa na jibu: msichana ana kifo vidoleni.

Nilipopata habari nilitoka Kibuli kwa boda kuja kukuuliza wewe. Nilifika mlangoni, swali liko mdomoni, ndipo nikakumbuka.

Basi nikajijibu mwenyewe. Miaka ishirini nimefundisha protini kwa chaki: asidi amino zimeshikana mkono kwa mkono kuwa mnyororo mrefu, na vifungo vya peptidi vinavyozishika ni vigumu, havikatiki kwa maji ya kuoga. Wanafunzi wananakili na kusahau. Wewe uliyefundisha kwa kitana hukusahaulika. Siku ile mvua iliponikuta njiani, nikarudi kwako nywele zimesimama kama sijawahi kuzinyoosha, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwalimu, moto ilifunga, maji imefungua." Hukuwahi kusikia habari za vifungo vya hidrojeni, lakini ndivyo ulivyokuwa ukivitaja: vifungo dhaifu, vingi, vinavyoushikilia mnyororo ulivyojikunja, na tone la maji linatosha kuvilegeza.

Kuna kifungo cha tatu, na hapo ndipo kesi ya Neema ilipo. Keratini, protini ya nywele, ina salfa. Salfa ya mnyororo huu hushikana na salfa ya mnyororo wa jirani, na madaraja hayo ndiyo yanayoupa unywele nguvu na mkunjo wake. Dawa ya kukunja huyafungua, nywele zikazungushwa kwenye rola, kisha dawa ya pili ikayafunga upya. Lakini dawa kali ya kunyoosha, ile ya soda ya kutengenezea sabuni, hailifungui daraja. Hulibomoa, ikaacha kiungo kingine ambacho dawa ya kukunja haiwezi kukifungua wala kukipanga upya. Madaraja machache yaliyosalia dawa ya kukunja huyafungua nayo, na unywele hubaki hauna cha kuushika. Mpake mtu hizo mbili, moja juu ya nyingine, nywele zitakatika hata ukiwa umebarikiwa na maaskofu saba.

Nikamfuata yule mama dukani kwake. Alizungukazunguka, akasifia viatu vyangu, mwishowe akakiri: mwezi uliopita alijinyoosha nyumbani kwa dawa ya kopo, akaona aibu kusema, maana ulikuwa umemkataza. Ulizoea kusema, "Mutu anaweza kubongopa, nywele haiwezi."

Jumamosi nikawaita wote. Nilikata kishungi changu kisicho na dawa. Msusi wa kiti cha pili akatoa kishungi cha kichwa alichokinyoosha mwenyewe juzi kwa dawa ya soda. Neema nilimweka nje ya mlango, asiguse kitu. Nikamwomba Nalongo avitie vyote viwili kwenye dawa ya kukunja kwa mikono yake. Tulingoja, wanawake wakinitania kwamba mwalimu amekosa darasa. Alipovitoa na kuvivuta, changu kililainika lakini kikashika. Kile kingine kilikatika vidoleni mwake kama uzi uliooza.

Nikamuuliza, "Nalongo, na wewe umemzika nani?"

Wakacheka, naye akanawa mikono bila kunitazama. Kisha akasema sayansi ni ya shule, na saluni ni ya wateja, na wateja wanaogopa. Kiti hakurudisha.

Sitakuficha kosa la binti yako. Wewe ulikata nywele chache nyuma ya sikio la kila mteja, ukazijaribu kwenye kifuniko cha kopo kabla ya kugusa kichwa. Kwa mteja yule Neema hakufanya hivyo. Aliniambia aliona haya kumpima mama mtu mzima kana kwamba anamwita mwongo. Hilo ni kosa la adabu iliyokosa mahali pake. Limesahihishwa: sasa anapima hata za kwangu, na mimi ananijua.

Pumzika, rafiki yangu. Kila Jumamosi nitakaa mbele ya Neema mchana kweupe, kichwa changu mikononi mwake, anione na ukumbi unione. Na nitamfundisha majina ya vitu ambavyo vidole vyake vinavijua tayari. Hilo ni neno langu kwako.

Barua hii nitaisoma Jumapili, siku ya kumaliza matanga yako, nanyi wanawake wa ukumbi mtakuwa mmekaa mbele yangu. Wateja wanaogopa kwa sababu ninyi mliwaogopesha, kawaambieni mlikosea. Na wewe, Nalongo, hukungoja matanga yaishe ndipo umtoe Neema, kwa hiyo usitafute siku nyingine ya kumrudisha. Simama sasa, mbele ya picha ya mama yake, umpe ufunguo.